Watoto wamebadilika, au wamebadilika wanaoingia darasani? Jibu kwa mwalimu wa taaluma wa shule ya kata

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika sekondari ya kata mkoani Singida, iliyofunguliwa 2007. Ninazo rejista za uandikishaji tangu mwaka huo, madaftari ya mahudhurio kuanzia 2013 na mafaili ya fomu za kujiunga. Kila kikao cha bodi wimbo ni ule ule: watoto wa sasa si kama wa zamani, wanakuja na njaa, wanachelewa, wanaishi geto, wanashinda kwenye simu, wazazi hawafuatilii, na elimu bila malipo ndiyo iliyoharibu. Mwaka jana mwezi Agosti niliwapa dodoso kidato cha kwanza na kidato cha nne. Wa kidato cha nne walionekana kutoka kwenye nyumba zenye hali bora, nikahisi kweli hali inazidi kushuka. Lakini moyo haujatulia. Nitajuaje kama wanafunzi na maisha yao vimebadilika kweli kwa miaka yote hii, na nianzie wapi? Bodi inakaa Novemba."*

Mwalimu, pole na kazi. Rejista zisizokatika tangu 2007 ni mali. Shule nyingi za rika la yenu zimeshapoteza za mwanzo kwa mchwa, kwa mvua, au kwa ofisi kubadilisha mikono bila makabidhiano. Kama nimekuelewa, bodi imeshatoa hukumu, na wewe unataka kujua ukweli kabla hukumu hiyo haijageuka uamuzi unaowagusa watoto. Nitaanza na dodoso lako la Agosti, kwa sababu hapo ndipo penye mtego.

Uliwauliza kidato cha kwanza na kidato cha nne kwa wakati mmoja, ukawalinganisha. Shida ni kwamba kidato cha nne uliowakuta ni wale waliobaki. Chukua mfano huu wa kubuni. Kidato cha kwanza kimeanza na wanafunzi 200, na 60 kati yao, yaani asilimia 30, wanaishi geto, vyumba vya kupanga mbali na familia zao. Ndani ya miaka mitatu wameondoka wanafunzi 60: 35 wa geto na 25 wanaoishi na familia zao. Wamebaki 140, na wa geto kati yao ni 25, sawa na asilimia 18. Atakayekuja na dodoso mwaka wa nne ataandika kwamba wanaoishi geto wamepungua kutoka asilimia 30 hadi 18, kumbe hakuna hata mmoja aliyehama geto akarudi kwa wazazi na kuendelea na masomo. Zaidi ya nusu ya watoto wa geto wameacha shule, na takwimu zinasema hali imekuwa nzuri. Ndiyo maana kidato cha nne chako kilionekana na afueni. Kimeshachujwa, cha kwanza bado.

Kwa hiyo linganisha kidato cha kwanza cha mwaka huu na kidato cha kwanza cha miaka iliyopita, kwenye mwezi ule ule. Ukitaka kujua mtoto anavyobadilika akiwa shuleni, fuata mkupuo mmoja, yaani watoto walioingia kidato cha kwanza mwaka mmoja, mwaka hadi mwaka, na wale wanaoondoka usiwafute kwenye jedwali. Wape safu yao yenye mwezi walioondoka na hali waliyoingia nayo. Safu hiyo mara nyingi ina habari kuliko zote zilizobaki.

Mtu akisema "watoto wamebadilika" huwa amefunga mambo matatu kwenye furushi moja. Liko suala la umri: mtoto aliyeingia na miaka 14 akifika 17 analala kwa kuchelewa, anatafuta vibarua, anataka fedha yake mfukoni na simu yake mkononi. Hilo limeutokea kila mkupuo tangu 2007 na litautokea ujao. Liko tukio linalowapata wote kwa pamoja, kama mwaka wa ukame, kushuka kwa bei ya alizeti, au shule kufungwa kwa UVIKO-19 kuanzia 17 Machi 2020 hadi 29 Juni. Halafu liko suala la nani hasa anayeingia getini. Hili la tatu ndilo zito zaidi kwenye shule za kata, na ndilo bodi yenu inaloliona bila kulitaja jina.

Turudi kwenye historia ya mlango wenyewe. Shule yenu ni zao la MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa 2004 hadi 2009 uliosambaza sekondari kwenye kata. Ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Ada hiyo peke yake haikuwa mzigo mkuu. Mzigo ulikuwa michango iliyoandamana nayo: dawati, mlinzi, majengo, chakula, na juu yake sare. Mtoto alifaulu darasa la saba, jina likabandikwa ubaoni, na Januari haripoti. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ukafuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Kwenye rejista yako utaona mapigo kadhaa. Pigo la 2016 ni la watoto ambao wangechaguliwa hata hivyo, ila wasingeripoti. Januari 2022 madarasa mapya ya sekondari 12,000 yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO-19 yalifungua nafasi zaidi. Lile kubwa ni la 2023, kwa hesabu rahisi: watoto waliofurika darasa la kwanza Januari 2016, wasiporudia darasa, walimaliza la saba 2022 na kubisha hodi kwenu Januari 2023. Ongeza Waraka Na. 2 wa 2021 uliowaruhusu walioacha shule kurudi, wakiwemo wasichana waliojifungua. Wote hawa wana historia tofauti na mkupuo wenu wa 2009, na tofauti hiyo walikuja nayo. Hawakuipatia shuleni.

Usisahau pia shule jirani. Kata ya pembeni ikijenga sekondari yake, vijiji vya upande ule vinaondoka kwenu kwa mkupuo mmoja, na huenda ndivyo vyenye barabara, mnada na wafanyabiashara. Ikifunguliwa shule binafsi mjini, familia chache zenye uwezo zinahamisha watoto. Andika miaka hiyo pembeni ya jedwali lako kabla hujaanza kueleza chochote kingine.

Sasa nikuonyeshe jinsi kuingia kwa kundi jipya kunavyoweza kudanganya hata mtu makini. Mfano mwingine wa kubuni, kuhusu kifungua kinywa. Mwaka 2015 kidato cha kwanza wako 100: 40 wana mzazi aliyevuka darasa la saba, 60 hawana. Katika wale 40, waliokula kabla ya kuja shule ni 28, asilimia 70. Katika wale 60 ni 24, asilimia 40. Jumla 52 kati ya 100. Njoo 2024, kidato cha kwanza ni 250: wenye mzazi aliyevuka la saba ni 50, wasio naye ni 200. Waliokula katika wale 50 ni 38, asilimia 76. Katika wale 200 ni 88, asilimia 44. Jumla 126 kati ya 250, kama asilimia 50. Bodi itasema kifungua kinywa kimeshuka. Lakini kundi la kwanza limepanda pointi sita, la pili limepanda nne. Kila kundi limesogea mbele, na wastani wa shule umerudi nyuma, kwa sababu tu wale wa kundi lenye dhiki sasa ni wengi zaidi darasani. Rudia hesabu hiyo kwa kalamu mbele ya bodi, polepole, tarakimu kwa tarakimu. Sijui njia nyingine inayofungua macho ya watu haraka hivyo.

Ndiyo maana siikubali kauli kwamba elimu bila malipo imeharibu watoto. Mtoto mwenye njaa wa 2010 alikuwepo kijijini kwenu. Hakuwa darasani, basi hamkumwona. Hata hivyo nisiwavunjie heshima wanaolalamika, maana wanachokiona kipo. Darasa la watoto 45 likifika 80, mwalimu yule yule hawezi kujua nani hakula. Na wazazi wengi walisikia "bila malipo" wakaelewa hakuna wajibu tena, ingawa maelekezo ya 2016 yaliacha sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa mikononi mwa mzazi. Hilo ni tatizo la kweli, nalo dawa yake ni kikao cha wazazi juu ya chakula cha mchana. Kuwanung'unikia watoto hakulipunguzi.

Jambo la elimu ya wazazi lina mkunjo ambao watu wengi hawautarajii. Tunadhani kila kizazi cha wazazi kimesoma kuliko kilichotangulia. Kwa shule yako si lazima iwe hivyo. Mzazi wa mwanafunzi wa 2007, aliyezaliwa karibu na 1970, alikutana na kampeni ya elimu kwa wote iliyotokana na Azimio la Musoma la 1974 na kutekelezwa kitaifa 1977. Alisukumwa darasani hata na mgambo. Mzazi wa mwanafunzi wa sasa, aliyezaliwa karibu na 1985, alifika umri wa darasa la kwanza wakati uchangiaji, yaani wazazi kulipia sehemu ya gharama za shule, umerudi na uandikishaji umeshuka, kabla ada ya msingi haijafutwa 2001 na MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, kuanza 2002. Kwa hiyo usishangae rejista zako zikionyesha wazazi wa sasa wasiojua kusoma ni wengi kuliko wa zamani. Haina maana kwamba kata imerudi gizani. Ni alama ya miaka ile ya uchangiaji, inafika shuleni kwenu ikiwa imechelewa kizazi kizima. Na mkunjo utageuka tena. Aliyeingia kidato cha kwanza kwenu 2007 akiwa na miaka 14 amezaliwa 1993. Akipata mtoto akiwa na miaka 20, mtoto huyo ataingia kidato cha kwanza karibu na 2027. Mtaanza kupokea watoto wa wanafunzi wenu wenyewe. Anza sasa kuuliza swali moja kwenye fomu ya kujiunga: je, baba au mama alisoma shule hii?

Tuje kwenye makabati yako. Usijaribu kunakili kila kitu. Chagua mikupuo sita ya kidato cha kwanza: 2009, 2013, 2015, 2016, 2020 na 2023. Mwaka 2015 na 2016 wakae pamoja kwa makusudi, kwa sababu kati yao ndipo ada ilipofutwa. Kama mkupuo una watoto chini ya 150, wachukue wote. Ukizidi hapo chukua kila wa pili kwenye orodha, ukianza na namba uliyoipata kwa kuokota karatasi ya kura. Usianze na namba moja kwa mazoea, maana baadhi ya rejista zimepangwa wavulana kwanza au kijiji kwa kijiji. Kwa kila mtoto dakika mbili zinatosha, hivyo watoto 120 ni saa nne za kazi.

Unatafuta vitu vichache. Tarehe ya kuzaliwa, uhesabu umri wa kuingia. Watoto wa miaka 16 na kuendelea kidato cha kwanza ni alama nzuri ya kuchelewa kuanza au kukariri. Kijiji alikotoka, ukiweke kwenye makundi matatu ya umbali: anayeweza kutembea chini ya nusu saa, hadi saa moja na nusu, na zaidi ya hapo, ambaye kwa kawaida ndiye wa geto. Shule ya msingi aliyotoka. Safu ya "kazi ya mzazi" iache kabisa. Utakuta "mkulima" ukurasa hadi ukurasa, na mkulima wa ekari mbili za uwele na yule wa ekari 40 za alizeti mwenye trekta wote wameandikwa hivyo hivyo.

Badala yake fungua fomu za kujiunga, ukurasa wa mwisho ambapo mzazi anakubali masharti ya shule. Pale kuna kitu ambacho hakuna dodoso litakupa kwa uaminifu kama huo: saini au dole gumba. Chora safu mbili na uhesabu. Anayeweka dole gumba la wino wa buluu lililosambaa hakuwa na muda wa kukuficha kwamba hajui kuandika. Angalia pia jina la aliyesaini. Likiwa ni la bibi, kaka au mjomba mwaka hadi mwaka kwa wingi unaoongezeka, hapo umepata mabadiliko ya malezi bila kumuuliza mtoto swali linalouma. Tahadhari moja: kwenye baadhi ya mafaili utakuta saini kumi zenye mwandiko mmoja, kwa sababu mtendaji au mtoto mwenyewe ndiye aliyewajazia. Hizo ziweke kundi la "haijulikani", usizihesabu kama mzazi anajua kusoma.

Madaftari ya mahudhurio yasome kwa mwezi. Wastani wa mwaka unaficha mambo. Mkoani kwako utoro wa Januari na Februari ni wa palizi, wa Aprili na Mei ni wa watoto waliotumwa kuamia ndege kwenye uwele na mtama, na siku ya mnada ina shimo lake kila wiki. Kama mashimo haya yapo 2013 na yapo sasa kwa kina kile kile, bodi haiwezi kusema utoro ni tabia mpya. Kama shimo jipya limetokea mahali pasipo na shamba wala mnada, tuseme Ijumaa mchana, hapo ndipo pa kuuliza.

Dodoso jipya lina sheria moja ngumu: maneno ya swali hayabadiliki mwaka hadi mwaka. Ukiona umeliuliza vibaya, liache kama lilivyo, ongeza la pili pembeni, yote mawili yaende pamoja mwaka mmoja ndipo uliache la zamani. Ukibadilisha tu, hutajua kama yamebadilika maisha au yamebadilika maneno.

Chukua swali ambalo bila shaka unalo: "Je, nyumbani kuna umeme?" Mtoto mwenye paneli ndogo ya sola inayowasha taa mbili anaandika ndiyo. Jirani yake mwenye paneli ile ile anaandika hapana, kwa sababu kwake umeme ni ule wa nguzo. Mwingine ana nguzo hadi mlangoni lakini luku imeisha tangu wiki iliyopita. Majibu matatu, hali mbili, na wewe huwezi kuzitenganisha. Uliza hivi: "Jana usiku ulipokuwa unakula au unasoma, mliwasha nini?" kisha toa chaguo: umeme wa nguzo, sola, tochi au taa ya betri, kibatari, moto wa jikoni, hatukuwasha kitu. Swali la jana lina nguvu kuliko swali la "huwa", maana kwenye "huwa" mtoto anakuandikia nyumba anayoitamani.

Vivyo hivyo usiulize "unakula asubuhi?" Uliza leo kabla ya kufika alikula au kunywa nini, aandike mwenyewe. Halafu utakutana na "chai ya rangi" tupu. Ni kifungua kinywa au siyo? Jibu lolote linafaa mradi uliamue mara moja na kuliandika kwenye daftari la maamuzi linalobaki na dodoso. Wewe ukihamishwa na mwenzako akaamua vingine, shule itaonekana imepata njaa au shibe kwa usiku mmoja.

Umbali uliza kwa saa: aliondoka saa ngapi, alifika saa ngapi. Kilomita mtoto hazijui. Na hapa kuna kosa linaloharibu madodoso mengi. Mtoto wa kijijini anaondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, anaandika 11:30, na anafika saa moja na dakika kumi, anaandika 7:10 kwa sababu ya saa ya ukutani ya ofisini. Anayeingiza kwenye kompyuta anapata safari isiyowezekana, anaifuta, na mtoto wa mbali kuliko wote anatoweka kwenye hesabu. Chapa kwenye karatasi "andika saa za Kiswahili", soma mfano mmoja kwa sauti, na wewe ndiye ufanye kazi ya kubadilisha baadaye.

Kwa simu usiulize "una simu?" wakati simu ni kosa shuleni. Uliza kama jana baada ya masomo alishika simu ya mtu yeyote, ya kitochi au ya kupangusa, na kwa kazi gani. Ongeza kazi alizofanya jana nyumbani na muda wake, saa aliyolala, na mtu mzima aliyelala naye nyumba moja. Jibu la "hakuna mtu mzima" ndilo geto la kweli, kwa sababu wapo wanaopanga chumba wakiwa na dada mkubwa na wapo wanaoitwa wa nyumbani huku wakiishi na wadogo zao tu.

Maswali 20 yanatosha, karatasi moja mbele na nyuma, yanasomwa kwa sauti kwa Kiswahili, dakika 25. Yajaribu kwanza kwa wanafunzi wanane wa kidato cha pili, uwaulize kila swali wamelielewaje. Fanya wiki ya pili ya Machi kila mwaka, siku ya Jumatano au Alhamisi, isiwe kesho yake mnada. Jumatatu haifai kwa sababu jana yake ni Jumapili. Mwezi nao una uzito wake: Machi ghala nyingi zimeisha, Agosti watu wametoka kuvuna. Ukipima mwaka huu Agosti na mwakani Machi, utatangaza njaa ambayo ipo kila mwaka. Dodoso lako la Agosti lihifadhi, lakini usililinganishe na la Machi.

Wasiokuwepo siku hiyo warudie mara mbili ndani ya wiki mbili. Hao ndio hasa unaotaka kuwajua. Ukipata chini ya 85 kati ya kila 100 walioandikishwa, andika juu ya jedwali kwamba picha ni nzuri kuliko hali. Na swali lililoachwa tupu usiligeuze "hapana". Lipe alama yake, tuseme 9.

Kuhusu mali za nyumbani, kumbuka kila kitu kina umri wake. Shule ilipofunguliwa bati lilitenganisha nyumba. Mwenye tembe na mwenye bati walikuwa watu wawili tofauti. Sasa bati limeenea, kitochi kimeenea, na kujua mtoto ana bati hakukuambii mengi. Ukihesabu mali tu utahitimisha kwamba umaskini umekwisha, huku nusu ya darasa haijala. Endelea kuuliza bati ili uone linavyoenea, ila kwa kuwatambua wenye dhiki tumia vitu vinavyotenganisha watu mwaka huu: sakafu ya saruji au udongo, chanzo cha maji wakati wa kiangazi, idadi ya godoro kwa watu wanaolala, ng'ombe wa kulimia. Kisha wapange watoto wa mwaka huo kwa mafungu manne, chini hadi juu, na ulinganishe fungu la chini la mwaka huu na fungu la chini la mwaka jana kwa vitu kama mahudhurio na chakula.

Na usikimbilie kila tofauti. Mikupuo miwili yenye watoto 100 kila mmoja inaweza kutofautiana hadi pointi 14 za asilimia kwa bahati tu. Yenye watoto 200 ni kama pointi 10. Ikitokea mwaka mmoja, subiri. Ikienda upande ule ule miaka mitatu, simama uitazame.

Karatasi za hali ya nyumbani zinaweza kuwa na namba ya mwanafunzi, kwa sababu unahitaji kumfuata. Mambo ya tabia yawe kwenye karatasi ya pili isiyo na jina wala namba, itumbukizwe kwenye boksi lililofungwa, na asisimamie mwalimu wa nidhamu. Pombe, mapenzi na vipigo usiviulize darasani kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika 1 Mei 2023 na hawa ni watoto, hivyo idhini ya mzazi ichukuliwe siku ya kuripoti, kwenye fomu ya kujiunga, kwa sentensi inayosema taarifa zitatumikaje. Karatasi zifungiwe kabatini, ufunguo uwe kwa mtu mmoja.

Mtoto akiandika au akikwambia jambo linaloonyesha anaumizwa, anabakwa, au analala na njaa siku kadhaa mfululizo, hapo takwimu zimekwisha. Usimhoji zaidi mbele ya wenzake na usisubiri uchambuzi. Mfikishe siku hiyo hiyo kwa mwalimu wa malezi na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina gharama. Kwa mambo ya hesabu yenyewe, nenda na jedwali lako kwa ofisa anayeshughulikia takwimu idara ya elimu sekondari. Anazo takwimu zinazokusanywa kila Machi kutoka shule zote za wilaya, na ndizo zitakazokuonyesha kama mabadiliko ni yenu peke yenu au ni ya wilaya nzima. Ukitaka kuchapisha nje ya shule au kutumia kwa shahada, kibali kitangulie, na msimamizi wa chuo akae nawe ana kwa ana kabla ya kukusanya karatasi hata moja.

Kwa Novemba usifanye dodoso jipya. Kidato cha nne watakuwa kwenye mtihani na majibu ya mwezi huo hayatalinganishika na ya Machi. Peleka ukurasa mmoja kutoka kwenye rejista: mikupuo sita upande wa kushoto, na kwa kila mmoja idadi walioingia, waliokuwa na miaka 16 na zaidi, waliotoka mwendo wa zaidi ya saa moja na nusu, wazazi walioweka dole gumba, na waliofika kidato cha nne kutoka kila kundi la umbali. Weka mstari mwekundu kati ya 2015 na 2016. Bodi ikishauona, omba jambo moja tu: orodha ya majina ya watoto wanaolala bila mtu mzima, kijiji kwa kijiji, iwe imeandaliwa na wajumbe wenyewe kabla shule hazijafunguliwa Januari.